Mshono wa Dirisha la Nyuma

Kabla bato lile, meli yetu ya mizigo, halijawa la vita, lilikuwa la mahindi. Lilibeba mahindi, mawese, sabuni na watu waliokaa juu ya magunia, likipanda na kushuka Ziwa Tanganyika, na kila mwaka lilivutwa nchi kavu pale gati ya Kalemie ili mimi nilitengeneze. Jina lake la rangi lilikuwa limefutika. Sisi tuliliita Mama Mzito, kwa vile lilikuwa gumu kugeuka.

Siku ninayoanzia ilikuwa siku kama siku nyingine. Nimelala chali chini ya tumbo lake, cheche zinaniingia shingoni. Pembeni amechuchumaa Wilondja, fundi wake wa injini, anakula muhogo wa kuchoma na kunikosoa.

"Fundi Kasongo, hapo umeacha tundu."

"Tundu liko kichwani kwako."

"Haya. Likivuja, maji yote yatakayoingia utayanywa wewe."

"Lete chokaa, uone aibu yako."

Chokaa ndiyo ilikuwa hakimu wetu. Ukimaliza kuchomelea, unapaka chokaa upande mmoja wa mshono, na upande wa pili unapaka mafuta ya taa. Unangoja. Mafuta ya taa hupenya mahali ambapo hata maji hayajui. Chokaa ikipata doa, umeshindwa. Ikibaki nyeupe, wewe ni fundi. Siku ile ilibaki nyeupe, kama siku zote, na Wilondja akanitupia ganda la muhogo.

Mimi shule niliacha darasa la pili. Kuchomelea hakuna aliyenifundisha, niliiba kwa macho, nikiangalia moto bila miwani mpaka macho yakavimba kama ya chura. Nilipofika miaka thelathini hakukuwa na bato lililoingia Kalemie likakosa mkono wangu. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Na pale gatini tulikuwa na desturi moja: fundi aliyechomelea ndiye hupanda safari ya kwanza. Kama kazi yako inavuja, uwe ndani. Nilipanda safari nyingi sana, na sikuwahi kulowana.

Vita vilitufikia kwa redio kwanza, kisha kwa watu waliopita na magodoro kichwani, kisha kwa komanda.

Alikuwa mtu mfupi, sauti ndogo, asiyepaza sauti hata anapompiga mtu. Akasema kuanzia leo bato ni la jeshi. Askari wake wakafunga bunduki kubwa ya kutungulia ndege puani mwa bato, mbele kabisa, na nyingine juu ya paa la nahodha. Mimi nikaambiwa nizibe madirisha yote ya chini kwa mabamba ya chuma, maana kioo hakizuii risasi.

Madirisha yalikuwa saba. Sita yalikuwa madogo, hata kichwa hakipiti. La saba lilikuwa la nyuma, kwenye chumba cha injini, upana wa mabega ya mtu. Watu wa injini joto likiwazidi walitokea hapo, wakajirusha majini, wakaoga, wakarudi. Njia nyingine ya kutoka mle ndani ilikuwa ngazi moja nyembamba ya chuma, inayokwenda juu mpaka katikati ya sitaha.

Wilondja alinivuta pembeni.

"Fundi, hilo la nyuma niachie."

"Komanda amesema yote."

"Basi danganya jicho la komanda. Weka bamba, lishike kwa nukta tatu tu za moto. Moja juu, mbili chini. Mimi ndani nitatundika nyundo. Siku ikiharibika nazipiga hizo nukta, bamba linaanguka, natoka. Wewe unajua ile ngazi. Moshi ukiingia, ile ngazi ni bomba la moshi."

Nilikubali. Tulipeana mkono. Nikaweka nukta tatu, moja juu, mbili chini, naye akatundika nyundo yake.

Kesho yake asubuhi askari mmoja alipita na wenzake, akaliona bamba lile, akaligonga kwa kitako cha bunduki. Likalia kama sufuria.

"Hii nani amechomelea?" akasema. "Mke wa fundi?"

Wakacheka. Wakaenda zao.

Nataka hili lieleweke. Komanda hakuwapo. Hakuna aliyeniamuru. Hakuna aliyenishikia bunduki. Nilicheka nao kidogo, kisha mchana, Wilondja alipokwenda kula kwake, nilichukua vijiti vyangu vya kuchomelea, nikaketi kwenye kamba nyuma ya bato, nikalichomelea bamba lile mzunguko mzima. Nilifanya polepole. Ulikuwa mshono mzuri kuliko wowote niliowahi kuvuta: magamba yake yamelala sawasawa, kama ya samaki. Nikapaka chokaa nje. Nikaingia ndani, nikapaka mafuta ya taa. Chokaa ikabaki nyeupe. Kwa ndani huoni kitu, mshono uko nje.

Wilondja alirudi amembeba bintiye mabegani, Riziki, miaka mitatu, aje kuona bunduki kubwa. Akashuka injini, akapanda tena.

"Mbona kunanuka mafuta ya taa?"

"Nimenawa mikono."

Mtu wa injini, aliyeniona miaka yote nikipima mishono, alisikia harufu ya mafuta ya taa na akaamini kwamba nimenawa mikono. Aliamini kwa sababu nilikuwa nimempa mkono wangu.

Tuliondoka siku ya pili yake, alfajiri imekwisha, jua liko juu ya milima ya ng'ambo. Askari thelathini na kitu, sisi watu wa bato sita, na mimi kwa ajili ya desturi. Tulikuwa tunakwenda kaskazini kuchukua risasi na kurudi. Nilishuka injini kumsalimu Wilondja. Jasho lilikuwa limeshamlowanisha. Akaigusa nyundo yake, ikabembea.

"Mlango wangu," akasema.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie la bamba. Nikafikiri: nikimwambia, atanitukana mbele ya Sefu, mwenzake wa injini, na atakuwa na haki. Nikafikiri tena: ni safari moja tu, tukirudi nitalikata. Nikamwambia aangalie mafuta yanayovuja kwenye pampu. Nikapanda juu.

Boti za adui zilikuwa mbili, ndogo, za kasi. Zilitoka nyuma ya rasi kama nyuki.

Askari wetu wa puani alipiga kwanza. Maji yakaruka mbele yao. Akapiga tena. Kisha kichwa chake hakikuwapo. Mikono yake ilikuwa bado imeshika bunduki.

Kombora la kwanza likapita juu yetu.

La pili likaingia puani, chini.

Sikusikia mlio. Nilisikia bato likisimama, kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Sitaha ikapasuka. Pipa la mafuta likawaka, na watu waliokuwa wamejilaza karibu nalo wakainuka wakiwa moto, wakikimbia, wakiwagusa wengine.

Komanda alikuwa amekaa chini, mguu mmoja umekatika gotini. Alikuwa anatoa amri kwa sauti yake ile ndogo. Hakuna aliyesikia.

Pua ikaanza kwenda chini.

Moshi ulikuwa unatoka kwenye mdomo wa ngazi ya injini. Mtu akatoka ndani yake. Sefu. Ngozi ya mikono yake inaning'inia kama glavu. Akaniangalia, akapita, akajirusha.

Niliita, "Wilondja!"

Kisha nikajirusha na mimi, upande wa nyuma.

Injini ilikuwa imezimwa. Wilondja aliizima mwenyewe kabla ya kuiacha, maana alijua watu wako majini nyuma. Kama angeiacha inazunguka, propela ingenikata vipande. Nilishika usukani wa bato, ule wa majini nyuma ya propela, nikapanda juu yake, nikasimama. Nyuma ya bato ilikuwa inainuka polepole. Bamba langu lilikuwa mbele ya uso wangu. Chokaa bado nyeupe.

Nikasikia nyundo.

Moja juu. Mbili chini. Kimya. Moja juu. Mbili chini.

Bamba halikutikisika.

Niliweka kiganja. Kila pigo lilinipanda mpaka kwenye bega. Sikuwa na kitu mkononi, hata kisu. Nikapiga kwa ngumi. Ndani akanyamaza kidogo. Nikasikia sauti, si maneno, sauti tu. Alisikia kuna mtu nje. Akaanza tena, kwa nguvu zaidi, haraka zaidi.

Moja juu. Mbili chini.

Usukani ulipopanda juu sana mikono yangu ikateleza, nikaanguka majini. Mama Mzito akaenda kwa kichwa, mzima mzima, na mapovu yake yakaendelea kutoka muda mrefu.

Tuliobaki majini tulikuwa labda ishirini. Yalikuwapo madumu ya plastiki yanaelea. Mimi nilipata moja. Askari mmoja akaja, akalishika upande wa pili, dumu likazama. Nikampiga teke kifuani. Akarudi. Nikampiga la pili usoni, na hakurudi. Alikuwa yule aliyeuliza kama mke wangu ndiye aliyechomelea. Sikumpiga kwa sababu hiyo. Nilimpiga kwa sababu dumu lilikuwa moja.

Boti zao zikageuka. Zilirudi polepole sasa, injini zinakoroma, na mtu alisimama katika kila moja. Walipiga vichwa, kimoja kimoja, kama mtu anayevunja nazi. Wengine walinyoosha mikono juu. Hao walipigwa kwanza, walionekana vizuri. Mimi nilizamisha kichwa chini ya dumu, kwenye maji yenye mafuta na damu, nikaacha pua. Risasi moja ilitoboa dumu juu ya sikio langu.

Kisha zikaondoka.

Wavuvi wa kijiji cha pale walitutoa. Tulitoka tisa. Walitulaza mchangani, wakatufunika kwa nyavu maana nguo hawakuwa nazo. Sefu alilazwa karibu yangu. Hakuwa na sura tena.

"Fundi," akasema. "Nilimwambia tupande wote. Akanisukuma mimi kwenye ngazi. Akasema, wewe pita huku, ngazi ni ya mtu mmoja, mimi nina mlango wangu."

Alikufa mchana ule. Kwa hiyo kati ya watu walio hai, aliyejua nilikuwa mimi peke yangu.

Nilirudi Kalemie kwa miguu, siku nne. Mke wa Wilondja alikuwa amekaa mlangoni, Riziki mapajani. Nilimwambia kombora liliingia chumba cha injini, hakusikia chochote, alikufa kabla ya kujua. Akanishukuru. Alinishika mikono yote miwili, hii hii, akasema, "Afadhali. Afadhali hakuteseka."

Uongo ukishashukuriwa haurudi nyuma.

Tulikimbia pamoja kuvuka ziwa, tukawekwa kambini Tanzania. Mwaka wa pili kipindupindu kilimchukua mke wa Wilondja. Nikamchukua Riziki. Nilimlisha, nikamsomesha, nikamtia kwenye kesi yangu ya kuomba kupelekwa Marekani kama mtoto wa nyumba yangu. Kambini watu walinisifu: mtazameni Kasongo, si ndugu, si kabila, lakini ana moyo. Sifa ile niliila kwa miaka mingi na ilikuwa na ladha ya mafuta ya taa.

Tulifika Minneapolis katikati ya majira ya baridi, tukapewa apatimenti kwenye kitongoji cha Crystal. Mimi mzee wa miaka sitini na kitu, Kiingereza sina. Kiwandani waliponipa mtihani sikuweza kusoma karatasi yao. Nikawaonyesha kwa mkono: lete chuma. Nikavuta mshono mmoja. Msimamizi akaligeuza lile bamba huku na huku, akawaita wenzake, akanipiga begani. Watu wa kanisa wanapenda nisimulie hadithi hiyo. Mimi naisimulia, maana najivunia. Lakini nyumbani siku ile sikula.

Riziki alikua. Akapata kazi ya kutunza wazee, akapata gari, akapata mchumba, kijana wa Kikenya wa Brooklyn Park. Wajomba wa kijana walikuja kwetu na suti na maswali. Mmoja akauliza, kwa heshima zote, "Mzee, na baba mzazi alitutoka vipi?"

"Kombora," nikasema. "Hakuteseka."

Riziki alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya sambusa. Akatabasamu, akasema kwa fahari, "Baba Mkubwa huyu alikuwa naye. Ndiye atakayenisindikiza kanisani, mahali pa baba."

Mahali pa baba. Hapo nikaona siwezi.

Ilikuwa mwaka ule treni mpya ilipoanza kupita University Avenue. Jumamosi moja mchana Riziki alikuja kunichukua na gari, tukaenda Frogtown kununua sombe ya barafu, yale majani ya muhogo, tukarudi kwake. Alikuwa bado amevaa sare ya kazi. Akaweka sufuria jikoni, akaniambia niketi, chakula kinakuja.

"Zima jiko kwanza," nikasema.

"Baba Mkubwa, una nini? Unaumwa? Nikupigie daktari?"

"Siumwi. Keti."

Nikamwambia. Nilisema kama nilivyoandika hapa, nukta tatu, mkono niliompa baba yake, askari, mchana, chokaa, kila kitu. Sikuangalia uso wake. Niliangalia sombe inavyoyeyuka kwenye sinki.

Kisha akauliza, "Ulijuaje kwamba ni yeye anayepiga?"

"Moja juu, mbili chini. Alikuwa anazitafuta zile nukta, mahali tulipokubaliana."

Akainuka, akachukua mwiko, akanipa.

"Nionyeshe."

"Riziki."

"Nionyeshe, Baba Mkubwa."

Nikapiga kwenye mlango wa jiko. Moja juu. Mbili chini.

"Tena."

Moja juu. Mbili chini.

"Alipiga mara ngapi?"

"Mpaka maji."

Akauchukua mwiko mkononi mwangu, akauosha, akautundika mahali pake.

"Nenda nyumbani," akasema.

"Sina gari. Umenileta wewe."

Akachukua funguo. Alinipeleka mpaka mlangoni kwangu, redio imezimwa. Nilipofungua mlango wa gari alikuwa anaangalia mbele tu, mikono kwenye usukani.

Wiki tatu sikusikia sauti yake. Ya nne akapiga simu. Hakunisalimu.

"Utaandika," akasema. "Yote. Kwa mkono wako, si wa mtu mwingine. Nikizaa watoto, sitaki waambiwe kombora."

"Mama, mimi kuandika sijui vizuri."

"Kuchomelea ulijua vizuri."

Akakata.

Ndiyo maana nimeandika. Imenichukua majira mawili ya baridi. Kijana wa kanisani alitaka kunisaidia kupamba maneno, nikamfukuza.

Siku ya harusi Riziki aliingia kanisani peke yake. Wakenya walinong'ona. Yule mjomba aliyeuliza swali alikuwa amekaa karibu yangu, mstari wa nne, akaniinamia: "Mzee, si wewe ulikuwa umsindikize?"

"Ana baba yake," nikamjibu.

Bado ananiita Baba Mkubwa. Mtoto wake akizaliwa ameniambia nitampakata. Kusamehe hajasema, na mimi sijamwomba. Nimekaa na wajane wengi, najua wanapenda kusikia kwamba mtu wao hakuteseka. Wilondja aliteseka. Alikuwa na nguvu, alikuwa na nyundo, alikuwa na nafasi ya kupanda ngazi akampa mwenzake, kwa sababu aliniamini. Wengine wote waliokufa siku ile naweza kuwaachia wale wa boti mbili. Yeye siwezi kumwachia mtu.

Watu wa kule wanasema Mama Mzito bado yuko chini, hakuna aliyemvuta. Ziwa lile lina kina kirefu na maji yake ni matamu, hayali chuma kama bahari. Kwa hiyo najua, kama ninavyojua jina langu, kwamba bamba lile bado limeshika pande zote. Halijaingiza tone. Sijawahi kuvuta mshono mzuri kama ule, na sitavuta mwingine.